Mashahidi wa Namba Tatu

S.L.P. 214,
Singida.
9 Desemba, 1993.

Mpendwa Kaka Abdulhamidi,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta huko Mtwara ukiwa mzima, wewe na shemeji Hanifa na wanangu wote. Sisi huku tunaendelea vizuri. Mwezi uliopita malaria ilinilaza siku nne, lakini sasa nimesimama. Mke wangu Swaumu ananicheka kwamba nimekonda, na yeye ndiye aliyekuwa akimaliza uji wangu.

Mvua imeanza wiki hii na watu wote wako shambani. Mjini kumebaki sisi wenye vibanda. Siku hizi kila kitu ruksa, hivyo nimeacha kazi ya ukarani na sasa nauza mitumba sokoni. Nguo zinakuja kwenye marobota, unafungua hujui umepata nini. Robota la mwisho lilijaa makoti ya baridi, na wewe unalijua jua la Singida.

Mama Mkubwa anakusalimu sana. Kila nikimsomea barua yako ananiuliza kama mwanawe ameandika siku ya kuja. Tangu matanga ya marehemu baba yako mwaka 1984 hujarudi, na miaka hiyo anaihesabu vizuri kuliko mimi.

Sasa kaka, nina jambo ambalo limenifanya nichane karatasi tatu kabla ya hii. Tafadhali lisome mpaka mwisho kabla hujakasirika. Ukifika mwisho unaweza kukasirika, haki hiyo unayo.

Unamkumbuka Mzee Othmani aliyekuwa akigawa sukari kwenye duka la ushirika. Duka lilikufa, naye amekodi chumba kilekile akafungua hoteli. Jioni, baada ya swala ya alasiri, tunakaa nje tunakunywa kahawa, Waislamu na Wakristo, wa mjini na wa shamba. Mwezi wa kumi alipata rangi za kutosha, akasema ukuta unaotazama barabara ya sokoni utachorwa wachezaji kumi na mmoja bora wa timu ya taifa tangu tupate uhuru. Kazi ya kuwachagua akatupa sisi wa barazani. Mimi wakanifanya katibu kwa sababu ya mwandiko wangu.

Wiki mbili tulitukanana tu. Kila mtu ana kikosi chake, na kila mtu anaapa kwa redio. Mwisho Mzee Othmani akachoka, akaweka sheria kama ile tunayoifuata mwezi wa Ramadhani unapoandama. Mchezaji haingii ukutani mpaka wapatikane watu wawili wa barazani waliomwona akiichezea timu ya taifa kwa macho yao. Mtu mmoja akalalamika kwamba mechi zote amezisikia redioni, hajakosa hata moja. Mzee akamjibu, "Mtangazaji ndiye aliyeona. Wewe ulikuwa umekaa na betri."

Utaona mwenyewe sheria hiyo ilitufikisha wapi. Mshambuliaji ambaye nchi nzima ilimwimba akakosa nafasi, maana hapa barazani aliyewahi kumwona ni Mwalimu Filipo peke yake. Namba tisa tukampa mtu ambaye simkumbuki akifunga bao lolote, lakini mashahidi wake walikuwa wanne. Kipa mmoja alikaribia kuingia kwa sababu wanaume sita waliwahi kumwona akila ubwabwa stendi basi lake lilipoharibika. Tulibishana siku mbili kama kumwona mtu akila ni kumwona akicheza. Alikataliwa kwa kura moja.

Tukafika namba tatu, beki wa kushoto. Hapo hapakuwa na ubishi. Barazani pote wakalitaja jina lako kwa pamoja, na kwenye daftari nikaandika mashahidi wawili: mimi mwenyewe na Naftali wa Kinyangiri, dereva mstaafu wa malori. Hayo yalikuwa Jumatatu.

Wewe na mimi tunajua kilichotokea siku ile ya mwaka 1977, tulipocheza na Malawi mechi ya kirafiki. Nilikuwa Dar es Salaam kwa mjomba, nikaja Uwanja wa Taifa kukutazama. Ulikaa kwenye benchi dakika tisini umevaa suti ya mazoezi. Niliporudi Singida, Mama Mkubwa alinipokea stendi, na kabla hajaniuliza habari za safari akaniuliza, "Umemwona mwanangu akicheza?" Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilimtazama usoni nikasema ndiyo, nimemwona.

Redio haikuitangaza mechi ile, kwa hiyo hakuna aliyeweza kunisuta. Wiki hiyohiyo uongo ukakua. Nikasema ulimbana namba saba wao mpaka kocha akamtoa. Naftali naye akasema alikuwapo uwanjani siku hiyo, amepeleka vitunguu Dar, na kweli alimwona beki wa kushoto mwembamba akimnyima namba saba pumzi. Alikuwa mzunguko, kwenye majukwaa ya bei rahisi, mbali, asijue jina la mtu. Jina nikampa mimi. Nikamwambia yule ndiye kaka yangu, akafurahi kama amemwona mwanawe.

Alhamisi Calist, fundi wa kuandika mabango, alikuwa ameshawachora wote kwa chaki. Akaniomba nimwandikie majina kwenye karatasi apate kuyanakili. Niliandika namba moja, nikaandika namba mbili. Nilipofika tatu nikaukumbuka mstari wa barua yako ya mwezi wa saba, ulipoandika kwamba utakuja nyumbani siku watu wa Singida watakapoacha kuzungumza mpira. Mimi na Mama Mkubwa tulicheka sana tulipousoma. Safari hii nilikuwa na kalamu mkononi na kicheko hakikuja.

Nikakumbuka na matanga. Watu walikuja kukupa pole, na neno la pili lilikuwa namba saba wa Malawi. Uliniangalia kutoka upande wa pili wa mkeka. Ukaondoka siku ya nne, arobaini ikasomwa bila wewe, na mimi nikawaambia watu kwamba kazini hawakukupa likizo. Kaka, imenichukua miaka tisa kuelewa mtazamo ule. Kila ulipotaka kurudi ilibidi uchague moja kati ya mawili, useme uongo wangu au uniumbue mbele ya mama yako. Ukaona bora ukae Mtwara. Nimeona aibu ambayo sijui niiandikeje.

Niliweka kalamu chini. "Mzee," nikamwambia Othmani, "namba tatu hana mashahidi."

"Ana wewe na Naftali."

"Naftali aliona mtu mwingine. Jina la Abdulhamidi alilipata kwangu. Kaka alikuwa benchi, hakuingia uwanjani hata dakika moja."

Naftali aliweka kikombe chake akaniuliza, "Sasa yule niliyemwona mimi ni nani?"

Nikamwambia ni mtu wa Tabora, aliyekuwa akiitwa Bawaba. Naftali akatikisa kichwa. "Miaka kumi na sita namsifu mwanaume kwa jina la mwingine. Ninyi watu wa mjini mna mambo."

Nilidhani Mzee Othmani atanifukuza. Badala yake akageuka kuwa kadhi. Akaniuliza kama mimi nilimwona Bawaba akicheza siku ile kwa macho yangu. Nikasema nilimwona, dakika zote tisini. Akamuuliza Naftali. Naftali akasema alimwona, isipokuwa hakujua ni yeye. "Basi mashahidi ni wawili," akasema Mzee. "Calist, andika Bawaba." Kisha akanyoosha mkono nikampa daftari, akampa Mwalimu Filipo. Ukatibu wangu uliishia hapo.

Rangi imepakwa juzi. Bawaba amesimama wa tatu kutoka kushoto, na Calist amemchora mnene kwa kuwa hakuna aliyemwambia alikuwa mwembamba. Mimi sokoni wananiita Shahidi. Mteja akishika suruali anauliza, "Shahidi, uliiona ikitoka Ulaya?" Nimestahili. Waliokukasirikia wewe hawapo, hilo nakuhakikishia. Naftali ndiye bado hanijibu salamu vizuri. Anasema nilimfanya aape kwa Mungu wake juu ya jambo lisilokuwepo, na katika hilo sina la kujitetea.

Jioni ya Alhamisi ileile nilikwenda kwa Mama Mkubwa kabla habari haijafika kisimani. Nilimkuta akichambua mchele kwenye ungo. Nilimweleza yote, tangu stendi mpaka ukutani. Kuna sehemu moja ambayo hata wewe huijui, ikabidi nayo niitoe. Watu walipoanza kuuliza mbona hukuitwa tena timu ya taifa, nilisema uliumia goti siku ile ukimzuia namba saba. Yale mafuta ya kondoo anayokupelekea kwa kila msafiri ni dawa ya goti hilo. Wewe uliandika kwamba watoto wanayapenda sana kwenye wali. Mstari huo sikumsomea.

Aliendelea kuchambua. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo goti lake ni zima?"

"Ni zima, Mama. Halijawahi kuumia."

"Mimi nilidhani haji kwa sababu hawezi kulikunja kwenye basi siku tatu." Akapeta mchele mara moja, akaweka ungo chini. "Miaka yote hiyo nilikuwa nikimwonea huruma. Sasa kama ni zima, ni nini kinachomzuia?"

Nikamwambia aliyekuzuia ni mimi. Akanitazama, sijui kwa kiasi gani aliniona, akasema nichukue kalamu nikuandikie, na safari hii niandike anavyosema yeye, nisiongeze wala nisipunguze.

Kwanza amesema nikwambie jambo ambalo yeye alinikataza kuandika tangu mwaka jana ili usiwe na wasiwasi. Jicho lake la kushoto halioni tena. La kulia linatambua sura ya mtu mchana, akikaa karibu, na daktari wa misheni amesema nalo linakwenda.

Mengine ni maneno yake mwenyewe: "Mwambie mpira siujui na sikuwahi kuujua. Nilimuuliza Shamte kama amemwona mwanangu kwa kuwa mimi nilikuwa sijamwona mwaka mzima. Mwambie apande basi kabla ya Ramadhani, aje akae mbele yangu mchana, nimtazame."

Nisalimie sana shemeji Hanifa, na umwombe radhi kwa niaba yangu. Swaumu anawasalimu, Mwalimu Filipo na Mzee Othmani pia, na Mzee amesema kiti chako kipo na hakuna atakayekuuliza kitu. Mungu akufungulie barabara na akufikishe salama.

Mimi mdogo wako akupendaye, niliyekukosea,

Shamte