Simba wa jikoni kwetu

Zlata, baba atanitoa roho. Naapa atanitoa roho!

Leo nimempeleka ile ngome ya kilimani. Dada anayetembeza wageni akatueleza kwamba langoni walikuwepo simba wawili wa mawe. Mmoja yupo. Wa pili aliibwa na wanakijiji zamani, walipobomoa ukuta wakajengee nyumba zao, na hadi leo hajulikani alipo.

Nikamkanyaga baba mguu. Nikamkanyaga tena!

Wapi! Mzee kifua mbele: "Nani hajulikani alipo? Yuko jikoni kwangu! Babu wa babu yangu ndiye alimleta kwa mkokoteni!"

Mbele ya watu thelathini, Zlata! Akatoa na simu, akaonyesha picha. Simba kaanikiwa soksi zangu kichwani.

Yule dada akauliza taratibu, "Mzee, unakaa wapi?" Baba huyuhuyu anayemficha daktari umri wake akataja kijiji. Akataja na namba ya nyumba!

Jumatatu wanakuja kumchukua simba wao.

Nikamwambia, "Baba, huyo simba ndiye kashikilia dari! Na juu ya dari ni kitanda changu!"

Unajua kanijibu nini?

"Acha kelele. Oka keki ya tufaha, wageni wanakuja."