Bushi Zinazopwaya

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Kinampanda tunaendelea, ila ndege wanamaliza alizeti ya bibi yako. Unauliza kwa nini bushi za alumini za hilo gari unalojiundia, hivyo vibomba vifupi vya kukaza kwenye matundu yake, zinapwaya, na umeshalaumu mashine mara tatu.

Nami ujanani, karakana ya Singida mjini, nilimchongea mwenye duka mmoja bushi nne za gari alilolibuni mwenyewe. Zote zilipwaya. Nikalaumu kipimo, nikalaumu umeme. Ya tano ilipotoka tu kwenye mashine, yule mwenye duka akanigusisha nayo shavuni. Niliruka.

Alumini ikiwa ya moto hutanuka, Neema, na ikipoa hunywea. Uliipima kabla haijapoa. Iache, ukanywe chai.

Na usinipigie tena simu kabla wewe nawe hujapoa.

Babu yako