Leo Msizime Majina

Wanangu, na wewe baba yao,

Chakula kimo kwenye sufuria kubwa, pasheni moto. Anueni nguo kabla ya mvua. ~~Tamthilia ikiisha, zimeni TV mlale.~~ Hapana, hilo nimelikata. Leo msizime!

Asubuhi mlipokuwa mnaangalia marudio niliwasikia, wachambuzi wangu. Baba eti yule nyota analia kama anayemenya vitunguu. Kitinda mimba anasema wimbo wa mwanzo ni mtamu kuliko tamthilia yenyewe, na hapo namuunga mkono. Kisha dada mtu akasema, "Lakini gauni la bibi harusi! Aliyelishona ana mkono." Mkaitikia wote, hata baba ambaye hasifu kitu. Mimi nikainamia kikombe nisije nikacheka.

Gauni lile nimelishona mimi, kwa cherehani hiihii mnayoilalamikia kelele. Kibanda changu cha kushonea kilipovunjwa mlisema nipumzike. Nimepumzika vizuri, sivyo?

Sikuwaambia kwa sababu nilitaka sifa isiyo ya huruma. Nimeipata.

Sasa, nyumba hii tamthilia ikiisha na majina ya walioitengeneza yakianza kupanda tu, mtu keshadaka rimoti. Hata leo asubuhi mmefanya hivyo. Usiku huu ificheni. Langu linakuja mwisho kabisa, baada ya la dereva, tena linapita mbio. Mkipepesa macho mmenikosa.

Nakwenda kuwapima waigizaji nguo mpya, nitachelewa kurudi. Na wewe baba, machozi yakikutoka, usisingizie vitunguu.

Mama yenu, mwenye mkono