Maoni ya Mama Willis

Gerezani, 3 Februari 2025

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu. Kifua kimepoa, namshukuru Mungu. Magoti yako je?

Mahakama imekubali kusikiliza upya hukumu yangu. Kosa halitaguswa, ni adhabu tu. Miaka kumi na mmoja naitwa mtu wa kunyongwa na hakuna anayenyongwa, lakini wenzangu wenye vifungo vya miaka wanajua watatoka lini. Mimi sina tarehe. Afisa wa probesheni, anayeiandikia mahakama ripoti, ataenda mtaani Kware kumuuliza Mama Willis maoni yake. Tafadhali usimwendee. Nilimchoma mwanawe kisu kwa maneno ya ulevi. Tusimwombe kitu.

Mwanao,
Matheka

Mtaa wa Tena, 9 Machi 2025

Mwanangu,

Sisi hatujambo, magoti ni yale yale. Unakula?

Nisamehe, nilienda. Nilimkuta juu ya paa la ghorofa ya ploti yao akifua mablanketi. Sikuomba lolote. Nilishika upande mmoja tukakamua, hadi yakaisha. Ndipo akasema, “Mama Matheka, walipomhukumu mwanao kunyongwa nilipata usingizi. Siku moja tu. Kesho yake Willis alikuwa bado amekufa.”

Hakuniambia atamjibu nini afisa. Nami sikuuliza.

Mama yako,
Kavutha

Gerezani, 22 Mei 2025

Mama mpendwa,

Natumai u mzima. Najua mguu ulikuzuia kufika kortini.

Maneno ya Mama Willis yalisomwa: hataki ninyongwe, wala hataki nirudi mtaani kesho. Jaji alinipa miaka ishirini na tano, kuanzia siku niliyokamatwa. Nina tarehe, Mama. Nililia mbele ya watu. Halafu nikapiga hesabu ya umri wako. Huenda nikatoka nisikukute.

Mwanao,
Matheka

Mtaa wa Tena, 15 Juni 2025

Mwanangu,

Habari za huko? Huku kuna baridi, lakini tuko salama.

Habari ya kunikuta au kutonikuta mwachie Mungu. Wewe kula, usikonde kwa ajili yangu.

Mama Willis alikuja leo baada ya kanisa. Nilimpikia muthokoi wa mahindi na maharagwe, akala vizuri. Alipokuwa akivaa viatu aliniuliza wageni huruhusiwa siku gani huko kwenu. Nikamwambia. Atakalokuambia silijui.

Jumanne ya wiki ijayo tutakuja wawili. Usiandae maneno. Nyoa ndevu, na umsalimie yeye kwanza.

Mama yako,
Kavutha