Jina Lililo Juu ya Langu

Nduguti, Mkalama
Jumapili, 9 Juni 2024

Kwako kaka yangu Deo,

Shikamoo. Habari za Kahama na za kazi? Wifi yangu hajambo? Na yule mtoto aliyekuwa anasumbuliwa na masikio, dawa zimemsaidia? Sisi huku tunaendelea. Andrea anaota meno ya juu na hataki kushikwa na mtu mwingine yeyote, kwa hiyo naandika nikiwa nimempakata. Ukiona mstari umepinda ujue ni mguu wake. Lucy anauliza mjomba atakuja lini. Shemeji yako Ignas bado yuko kwenye ujenzi wa zile ofisi za wilaya, anarudi na saruji mpaka kwenye kope. Mama nilimwona Alhamisi. Mgongo unamsumbua kidogo, ila uwele ameshauvuna wote.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Kaka, simu nimepiga mara mbili. Mara ya kwanza, nilipofika kwenye jambo lenyewe, ukasema mtandao unasumbua. Mara ya pili ukasema maneno matatu, sema umesahau wewe, ukakata. Barua haikatiki. Nimempa Amosi wa lori la alizeti, na nimemwambia asiiache kwa mtu, aiweke mkononi mwako.

Nianze mbali kidogo, maana najua unadhani nimelianzisha hili kwa ubishi.

Tangu nijifungue Andrea mwili wangu haujatulia. Kliniki walinipima wakasema niko sawa, nile vizuri na nipumzike. Kupumzika ndiko kunakonishinda. Nikikaa, miguu inataka kusimama. Nikisimama, sijui nilikuwa nakwenda wapi. Nimechoka, naona kabisa kwamba nimechoka, na bado ndani kuna kitu kinanikimbiza. Nafua nguo zilizo safi. Napanga upya vyombo nilivyopanga jana. Asubuhi moja nafagia uwanja, nikaweka ufagio chini nikaanza ile fomu ya kung fu uliyonifundisha nyuma ya zizi, zile hatua thelathini na mbili za ngumi na mateke. Nilikuwa sijaifanya tangu niolewe. Nilipomaliza nikakaa kwenye kizingiti, na miguu ikakubali kukaa.

Basi ikawa kila asubuhi. Wasichana wa jirani wakaanza kuchungulia kwenye uzio, kisha wakaingia, wakawa saba. Nikawafundisha. Mama Klara, ambaye binti yake ni mmoja wa hao saba, ndiye aliyeniuliza mwalimu wangu ni nani na nani amenipa ruhusa ya kufundisha watoto wa watu. Hakuuliza kwa ubaya. Lakini swali lile lilinikaa, nikaona nitafute mwalimu wa kuniangalia.

Wa kwanza yuko Singida mjini. Ukuta wake umejaa vyeti. Nilipomwuliza amefundishwa na nani akatoa simu, akasema mwalimu wangu huyu hapa, akanionyesha Mchina kwenye video, na kila teke likimpita haraka anamrudisha nyuma kwa kidole. Wa pili alitaka nimletee kwanza kuku mweupe. Nikamwambia kuku ninao, ila nawafuga kwa ajili ya mayai.

Wa tatu ni Bonaventura, fundi wa kuchomelea milango hapa hapa Nduguti. Jumamosi mchana anafundisha kwenye ghala moja la mazao lisilotumika. Nilimkuta kazini. Hakuniuliza kama nina nguvu wala kama mume wangu amekubali. Aliuliza nani amenifundisha, na huyo naye nani alimfundisha. Nikasema kaka yangu Deo, aliyefundishwa na Mzee Gerald wa Sekenke.

Akavua miwani yake ya kuchomelea. Kumbe naye ni mwanafunzi wa Mzee Gerald, miaka kumi. Kwa utaratibu wao, waliofundishwa na mtu mmoja ni ndugu, na anayefundishwa na ndugu yako ni mwanao. Kwa hiyo wewe ukawa ndugu yake, na mimi nikawa binti yake pale pale, wakati ananizidi miaka sita tu. Akanidai shikamoo baba mdogo mbele ya wateja, nikatoa. Nilipomsimulia Ignas alicheka mpaka akapaliwa na chai. Siku hizi nikichelewa kupakua anasema ataenda kunishtaki kwa mkwe wake wa ghalani.

Nilifurahi, kaka. Nilijiona nimepata ukoo mwingine, na wewe ndiye uliyeniingiza.

Jumamosi ya pili tukapangwa mstari kufanya fomu. Wao wakaenda kulia, mimi nikaenda kushoto. Hatua ya tisa ngumi yangu ikatua kwenye sikio la mwanafunzi mwenzangu Agripina. Calist, ambaye ni Msukuma na hawezi kukaa siku nzima bila kututania, akasema Wanyiramba tunapigana kinyumenyume ili adui adhani tunakimbia. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Tukarudia. Nikamgonga tena.

Bonaventura hakucheka. Akanitoa nje ya mstari nikafanya peke yangu hatua zote. Kisha akasema mtu aliyesahau husahau hapa na pale. Huyu hajasahau hata kidole. Huyu amefundishwa upande wa pili mwanzo hadi mwisho, na aliyemfundisha alikuwa makini sana.

Akasimama mbele yangu, uso kwa uso, akainua mkono wake wa kulia, akaniambia niinue wa kwangu ulio upande ule ule ninaouona, kama kwenye kioo. Nikainua wa kushoto. Akasema mwanafunzi hukaa nyuma ya mwalimu na kuufuata mgongo wake, ndiyo maana kulia kunabaki kulia. Anayepata kushoto ni yule aliyekuwa anatazama nyuso za watu. Halafu akaniuliza, taratibu, kaka yako alikuwa anasimama wapi akifundishwa?

Nikasema sijui.

Aliniita pembeni baadaye. Kwao mtu haruhusiwi kufundisha mpaka aandikwe kwenye daftari la Mzee, na mimi sitaandikwa mpaka Mzee akiri kwamba anakufahamu. Ila akaongeza, kwa kunihurumia, kwamba nikisema ni mimi niliyechanganya pande kwa sababu ya uzazi na muda mrefu, yeye ataamini, nitarekebisha, na maneno yataishia pale ghalani. Hapo ndipo nilipokupigia. Na wewe ukanipa jibu lile lile, ila yeye alikuwa ananihurumia mimi, na wewe ulikuwa unajihurumia mwenyewe. Samahani kwa neno hilo. Nimelifikiria, sitalifuta.

Wiki mbili zilizofuata nilikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Niliunguza maharage. Nilimvisha Lucy sare siku ya Jumapili. Ile hali ya kukimbizwa ndani ilirudi, na safari hii nilimjua anayenikimbiza.

Sasa nikuambie, kaka, na uwe umekaa. Mimi nilikuwa najua.

Nilikuwa na miaka minane. Nilikuletea ugali wa uwele malishoni, nikakukuta umelala kifudifudi juu ya ule mwamba unaotazama uwanja wa Mzee Gerald. Ng'ombe wote walikuwa kwenye mtama wa watu. Chini wanafunzi wake walikuwa wamekugeukia, maana jua la mchana lilikuwa mgongoni kwao, na mikono yako ilikuwa inafanya kila walichofanya. Ukanifanyia ishara ninyamaze. Nikanyamaza. Jioni baba alipouliza ng'ombe walifikaje kwenye mtama nikasema mimi ndiye niliyekuita, na fimbo zikawa zangu. Uliponianzishia ile fomu nyuma ya zizi, mimi nyuma ya mgongo wako, ukaniambia Mzee amekupokea. Nilijua si kweli, na nikakubali, kwa sababu nilipenda kuwa na kaka mwenye mwalimu. Na siku ile kwa Bonaventura nililitaja jina la Mzee nikijua. Nilitaka mlango ufunguke. Kwa hiyo uongo huu tumeubeba wawili, usidhani nakutupia wewe.

Alhamisi nilimbeba Andrea mgongoni nikaenda Sekenke.

Mzee Gerald bado anasaga mawe ya dhahabu, ila sasa amekaa kwenye kigoda na goti lake limefungwa kitambaa. Nilimpa shikamoo, nikamweleza yote: mwamba, ng'ombe, kushoto, na jina lake ulilolichora kwenye ukuta wa klabu unayofundishia huko Kahama, maana ile picha uliyonitumia ninayo. Nilipomaliza akauliza kutoka mwambani mpaka uwanjani kwake kuna hatua ngapi. Nikasema hazifiki mia mbili. Akasema miaka ile alifundisha walevi, alifundisha waliotoroka kwao, alifundisha hata mtu mwenye mkono mmoja, na hajawahi kumfukuza mtu. Kwa nini hakushuka? Swali hilo nakuletea wewe, kaka. Ulikuwa na aibu ya nini? Kaptula iliyotoboka? Sote tulikuwa nazo.

Kilichomkasirisha si kuibiwa. Alisema mwenye macho ataangalia. Kilichomkasirisha ni kwamba jina lake liko kwenye ukuta wa mtu ambaye hajawahi kumpa hata shikamoo.

Akaleta daftari. Juu kabisa pameandikwa Mchina wa reli, basi. Mzee alifundishwa na mtu wa Tabora, na huyo wa Tabora alifundishwa na Mchina walipokuwa wakijenga reli ya kwenda Zambia, ila hakuweza kulitamka jina lake vizuri. Mzee akasema asichokijua amekiacha hivyo hivyo, hakukitafutia jina zuri. Kisha akashika kalamu aniandike chini ya Bonaventura, yaishe, niendelee kufundisha wasichana wangu.

Nikamwambia mimi mwalimu ninaye.

Akasema basi ujue utaanza upya pamoja na watoto walioanza jana, na hutafundisha mtu. Nikasema ndiyo. Akaandika, Yunisi, amefundishwa na Deo. Chini yake akaandika, Deo, amefundishwa na, akaishia hapo, akafunga daftari. Amesema mstari huo ataumalizia utakapokwenda mwenyewe, na utamwambia wewe aandike nini.

Jana nimesema ghalani mbele ya wote. Wasichana wangu nimewaambia pia, kwamba niliwafundisha upande usio wenyewe na kwamba nimeacha kufundisha. Watatu wamekwishaacha kusalimia. Binti yake Mama Klara alilia.

Najua una vijana kumi na wanane, na wote ngumi zao zinatoka kushoto. Najua wanakuheshimu na itauma. Lakini ulijifunza hatua thelathini na mbili ukiwa peke yako juu ya jiwe, bila mtu wa kukurekebisha, na hukukosea hata moja. Mimi sioni aibu kwamba ulinifundisha. Naona aibu kwamba unasema mwingine ndiye aliyekufundisha. Futa ukuta, kaka, kisha uende Sekenke. Nenda mwenyewe. Usimtume mtu na usimpigie. Ana goti bovu, hawezi kukukimbiza. Mama atakupikia, na mimi nitakuja na watoto kama unataka nisimame karibu nawe.

Ukichukia, chukia, ila jibu. Msalimie wifi na watoto, na wale vijana wako wote, hata kama hawanijui. Ignas anakupa salamu, na Andrea ameshaichana kona ya karatasi hii, hiyo ni yake. Mungu akulinde na akupe miguu ya kuja.

Ni mimi mdogo wako, na mwanafunzi wako,
Yunisi