Bakuli la Ashatu

Jumatatu, mosi Mfungo Nane, 1302 Hijria. Msata

Nimefika. Siku nne kwa miguu kutoka Bagamoyo. Mchele wangu nimeugawa wote njiani, kila kibanda kina mtoto anayenyoosha mkono. Umebaki mfuko wa tende — huo sigawi.

Nimekuja kumchukua Mina, mtoto wa marehemu binti yangu Mwanamvua. Huku mvua imekataa, njaa inazika watu. Ana miaka sita, paja lake kama mkono wangu. Nilimwambia ananuka moshi, nikamkumbatia mpaka akalia.

Jumanne, 2

Ashatu, mkwe mwenzangu, kaleta bakuli. Ndiga — mizizi ya porini, ina sumu, hulowekwa siku tatu ndipo iliwe. Inanuka kama kitambaa cha kidonda. Nikasema tumbo langu halijazoea.

"Basi mkwe bado hajala," akasema, akalifunika. Nyumba hii hanawi mtu mikono ya kula kabla ya mgeni. Watoto wanne wakanitazama mdomo. Nikawaambia hawana adabu. Walikula nilipokwenda kuswali.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya.

Alhamisi, 4

Tende nazila nyuma ya nyumba, uso ukutani, kama mwizi. Mina kaniona. Nikampa moja. Kokwa akaimung'unya kutwa. Nikimwambia ateme, anaificha shavuni.

Ashatu kaniwekea kuku. Mgumu kama kiatu, nikasema hivyo. Lakini nimekula. Kachinja na kupika Mwinjuma, baba yake Mina, nami macho yangu hayakumtoka toka kisu mpaka chungu. Firigisi nikala mimi. Ndipo Ashatu akasema, taratibu tu, "Alikuwa anaatamia mayai tisa, mkwe. Ndiye wa mwisho."

Nikaomba chumvi.

Ijumaa, 5

Niandike kweli, hapa hakuna wa kuisoma. Si tumbo. Mwaka jana Mwanamvua alilala mzima katika nyumba ya Ashatu, alfajiri akawa maiti. Tangu siku ile namwita Ashatu mchawi, moyoni. Kuchagua chakula ni kisingizio.

Wao nao wamenigeuzia uchawi huo. Bibi hali, kutwa anachora karatasi! Mwinjuma kaniuliza ninamwandika nani. Nikamwambia marehemu mume wangu alinifundisha herufi kwa mkaa mlangoni, chuo sikukanyaga, nitamroga nani kwa mwandiko huu? Hakucheka.

Jumapili, 7

Asubuhi nimesema naondoka na Mina. Ashatu akaniita uani, mbele ya majirani.

"Mize, unaniogopa. Sema."

Nikasema naogopa ndiga. Wakacheka. Yeye hakucheka.

"Mwanao naye alisema zinanuka. Zilizolowekwa hakuzitaka. Kila siku alirudisha bakuli, kama wewe. Njaa ilipomshinda akachimba zake, akazichoma bila kuziloweka, akala kwa kujificha. Nilimkuta na majivu mdomoni. Sikukuletea habari ile, nilikuonea huruma. Sasa niambie, mkwe. Nani alimfundisha kuchagua?"

Mimi. Nilikuwa nikimtolea miiba ya samaki mpaka siku ya harusi yake.

Au anadanganya. Wallahi sijui. Mchawi naye angesema vivyo hivyo.

Kaweka bakuli mbele yangu. "Ule, umchukue mtoto. Usipokula, nenda peke yako. Siwezi kumpa mjukuu wangu mtu anayeona mkono wangu una sumu."

Desturi mpishi huonja kwanza, kuondoa shaka. Nikamwambia aonje. Kakunja mikono. "Leo sionji."

Nimesema niandike kwanza. Wananingoja. Ndiga zinapoa, harufu ni ileile. Watoto wamekaa safu, macho kwenye bakuli.

Mina kaja kuketi pajani pangu. Hana uzito. Kaninong'oneza, "Bibi, nikuonjee?"

Nimemshika mkono wake. Umelowa. Amekwisha nawa.