Muhogo Mchungu Sufuriani

Jumanne usiku

Sijui kama kesho nimpe mama kisu tena. Nikimnyima, nitakuwa nimemnyima kitu pekee kinachomtuliza.

Kila jioni tunakaa mkekani, tunamenya muhogo pamoja. Jina langu limeshampotea, lakini mikono yake haijasahau kazi. Hiyo ndiyo saa ninayompata mama yangu.

Leo niliweka mafungu mawili: mtamu wa kuchemsha, na mchungu wa kukausha makopa. Mchungu ukiliwa bila kukaushwa unaua, na yeye ndiye aliyenifundisha kuutambua. Maji yalikuwa yanachemka. Nikamwambia, "Mama, naenda kuswali magharibi, narudi sasa hivi."

Niliporudi, fungu la mchungu halikuwepo. Lilikuwa sufuriani, naye ameshaopoa kipande, anakipuliza.

Nikampiga mkono. Mimi, nimempiga mama yangu mkono! Kipande kikaanguka, nikamwaga sufuria nzima uani. Nilikuwa na hasira, sijui na nani. Pengine na mimi mwenyewe, kwa kumwachia mafungu yote mawili.

Hakulia. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni asiyejua kazi.

"Binti, chakula hakimwagwi hivyo. Mama yako hakukufunza?"

"Alinifunza," nikamjibu. "Alinifunza vizuri sana."

Akajifuta mkono kwenye kanga, pale nilipompiga.

"Basi ukimwona, msalimie."